Barafu ya Sabili

Kila alfajiri, kabla muadhini hajakohoa, Bi Hamda alikuwa keshaanza kuifukiza mitungi. Alitia kaa la moto kwenye chetezo, akaweka juu yake kipande cha ubani wa maka, kisha akaufudikiza mtungi mtupu mpaka moshi ukashiba ndani ya udongo. Hapo aliugeuza upesi, akaujaza maji, na maji yakanywa harufu. Mitungi yenyewe ilikaa kwenye kidaka cha ukuta, pembeni mwa mlango mkubwa, katika kichochoro cha Kiponda ambacho jua lilikichungulia adhuhuri tu na kwenda zake. Kata ya kifuu ilining'inia kwenye msumari. Kila mpita njia alikuwa na ruhusa.

Hayo yalikuwa maji ya sabili, maji ya kunywa bure kwa ajili ya Mungu, na thawabu zake zilikuwa za marehemu mama yake, Bi Badriya. Ndiye aliyeianzisha sadaka hiyo. Siku alipokuwa hajiwezi tena, alimwita bintiye, akamshika mkono.

"Mwanangu, mimi sikujenga msikiti. Hija sikujaaliwa. Nna mitungi tu. Usiiache ikakauka, wala usimpe mtu maji ya kumfanya akunje uso."

Bi Hamda aliahidi. Mumewe alikufa, watoto hakujaaliwa, nyumba ikabaki kubwa na kimya, lakini ahadi ile ilimwamsha kila siku na kumpa kazi. Akiona mtu amekunywa, akafuta midomo na kusema "Mungu amrehemu mwenye maji," alihisi kama kwamba mama amegeuka kaburini akapata ubavu mzuri wa kulalia.

Enzi za mama mji ulikuwa na baridi. Hivyo ndivyo Bi Hamda alivyokumbuka. Kipupwe kikiingia, wanaume walikwenda kuswali alfajiri wamejitanda mashuka mpaka masikioni. Kaskazi ilikuwa na joto lake, ndiyo, lakini lilikuwa joto la mgeni, linakuja na linaaga. Masika ilijua mlango wake na vuli ilijua wake. Maji ya kidakani adhuhuri yaliuma meno. Mahamali waliotoka forodhani na magunia ya karafuu walipindisha njia makusudi wapite Kiponda, wakapanga foleni na kutaniana, na Bi Badriya akiwasikiliza nyuma ya dirisha la juu alicheka peke yake. Asumini zilielea juu ya maji. Mtu alilazimika kupuliza ili zimpishe.

"Kwako wewe kila cha zamani kilikuwa baridi," Tabia alimwambia mara moja. "Hata uji."

Tabia alikuwa mjakazi wa Bi Badriya. Siku watumwa walipopewa uhuru alifunga kanga zake, akaenda kupanga chumba Ng'ambo ya mji bila kuaga. Baadaye alirudi kwa hiari yake na kwa masharti yake: chumba cha chini kiwe chake, asubuhi auze vitumbua barazani, na asitumwe. Bi Hamda aliyakubali yote matatu, na tangu hapo walikuwa wakizeeka pamoja kama watu na majirani zao, kwa mapenzi na kwa maneno.

Kisha tajiri mmoja, Bwana Amour, alijenga nyumba ya kutengenezea barafu kule Funguni. Alileta mtambo kutoka ng'ambo, na pamoja na mtambo dohani refu, na watu wakaenda kutazama. Ndani mlikuwa na moto wa makaa ya mawe, unanguruma mchana kutwa. Upande wa pili yalitoka mapande ya barafu, meupe, yanatoa mvuke.

"Wanakoka moto ili wapate baridi?" Tabia aliuliza. "Basi na mimi nile ili nipate njaa."

Lakini mji uliipenda barafu. Jioni watu walikwenda ufukweni kunywa sharubati iliyotiwa barafu, na vijana walioijua ladha hiyo hawakuutaka tena mtungi. Masizi ya dohani yalianguka juu ya mapaa, kwenye nguo zilizoanikwa, hata juu ya vitumbua vya Tabia, naye akiwaambia wateja kuwa ni hiliki. Na joto, au labda ni umri, Bi Hamda hakujua, lakini joto lilizidi. Kichochoro ambacho zamani kilivuta upepo kama filimbi sasa kilikaa kimya. Kaskazi ilikuwa haiagi tena ikaondoka. Ilisimama mlangoni na kuendelea na mazungumzo.

Siku moja hamali mmoja aliteka maji, akatia funda, akalitema ukutani.

"Mwenye mtungi ameteleka chai akasahau majani?" alisema, na wenziwe wakacheka.

Bi Hamda alikuwa nyuma ya dirisha lile lile la mama yake. Usiku wake ulikuwa mrefu. Mitungi iliyobaki imejaa jioni ilimtia hofu kuliko mitungi mitupu, kwa kuwa maji yasiyonywewa hayampi maiti chochote. Aliona kama mama yupo mahali fulani anangoja, na hakuna anayemfikia.

Ndipo alipokuja Zahor, ndugu yake mdogo, ambaye alikuwa na tabia ya kuingia na habari kabla ya salamu.

"Shikamoo, dada. Umesikia meli za makaa haziji tena?"

"Marahaba. Kwa nini haziji?"

"Wazungu wanapigana wao kwa wao. Makaa yote wanatia manowarini. Amour anahangaika, mtambo unataka kula. Keshamaliza mikoko yote aliyoweza kuipata, sasa anatafuta kuni za shamba." Alikaa, akavua kofia, akaiweka gotini. "Ameiona ile miti yetu ya kisimani, Tunguu."

Kisima cha Tunguu kilikuwa katika shamba waliloachiwa na baba, na babu yao ndiye aliyekizungushia miti: mikuyu, mizambarau na mitondoo, ikakua ikakutana juu kama dari. Kijiji kizima kilichota pale.

"Miti ile imezeeka," Zahor alisema. "Lakini una theluthi yako humo, siwezi kupeleka shoka bila ya neno lako. Na sikiliza kwanza. Mimi nimeingia ubia na Amour, hilo langu. Wewe, kwa theluthi yako, utaletewa kipande cha barafu mlangoni kila siku ya Mungu. Kwa mitungi ya mama."

"Kwa mitungi ya mama?"

"Barafu ya sabili, dada. Nani mjini amewahi kumfanyia mzazi wake jambo hilo?"

Tabia, aliyekuwa akichambua mchele karibu, hakuinua kichwa. "Na watu wa Tunguu watachota kivulini mwa nani?"

"Kisima ni shimo, Tabia," Zahor alijibu. "Shimo halichomwi moto."

Bi Hamda aliomba apewe muda. Aliswali istikhara, akamwomba Mungu amwelekeze lililo na kheri, na karibu na alfajiri aliota mama yake amekaa kidakani, mikono imelowa, anacheka. Aliamka moyo umefunguka. Hakujiuliza kama moyo ule ulifunguliwa na Mola au na hamu yake mwenyewe ya kusifiwa. Vitu hivyo viwili vikiwa ndani ya kifua kimoja huvaa nguo za aina moja. Alimpelekea Zahor neno lake: kata.

Barafu ilianza kuja ikiwa imefunikwa vumbi la mbao na gunia. Tabia aliivunja kwa mchi, akalalamika kuwa vidole vinakufa ganzi, na Bi Hamda akavigawa vipande mitungini. Habari ilienea kabla ya Ijumaa. Mahamali walirudi. Walikuja na maseremala, mafundi cherehani, wavuvi wa Malindi, na waswalihina waliokuwa na maji yao nyumbani lakini walitaka haya. Kichochoro kilijaa.

"Pole pole, wewe, hiyo kata si mtumbwi!"

"Mwache anywe, mkewe hampi maji."

"Mungu amrehemu Bi Badriya. Kaacha mtoto."

Bi Hamda aliyasikia hayo yote dirishani, akalia kwa furaha. Ilikuwa kama zamani imerudi yenyewe, imepanda ngazi na kubisha hodi. Mitungi iliisha kabla ya alasiri. Akaongeza mtungi, na Zahor akaongeza barafu. Kwa Amour kuni ziliendelea kuingia kwa magari ya ng'ombe, na dohani likaendelea kutoa moshi, sasa mweupe wa miti mibichi badala ya ule mweusi. Shughuli ikamtinga Bi Hamda. Msimu mzima hakukanyaga Tunguu.

Kaskazi ya mwaka ule ilikuwa kali. Mwezi wa masika uliingia na mbingu ikabaki tupu kama sahani iliyolambwa. Misikitini watu waliomba mvua.

Siku moja kabla ya adhuhuri alipita mwanamke amejitwika mzigo wa misala ya ukindu ya kuuza. Miguu yake ilikuwa myekundu kwa vumbi la shamba. Alitua mzigo, akateka kata moja, akanywa bila kupumua. Akateka ya pili. Ya tatu alikunywa taratibu, amefumba macho. Bi Hamda alimtambua kutoka dirishani, ni mtu wa Tunguu, akashuka.

"Mwatum?"

"Naam. Ah, Bi Hamda. Shikamoo." Mwatum alicheka kwa haya, maji yanamtiririka kidevuni. "Nshakunywa mpaka tumbo linalia. Kumbe ndiyo nyumba yenu? Mungu amjaalie pepo mama yako. Maji haya si ya dunia hii."

"Marahaba. Karibu barazani. Tunguu hamjambo?"

"Hatujambo, tunashukuru." Mwatum alikaa, akajipepea kwa ncha ya kanga. "Kisima ndicho kibaya. Tangu miti ikatwe, jua linaingia mpaka chini. Maji yameshuka, yameshuka, sasa tunakwangua tope kwa kifuu. Tunalichuja kwa kitambaa. Wanawake wanakwenda mbali kuchota, na huko nako wenyewe wameanza kutununia." Alisema haya bila ya kulalamika, kama mtu anayetaja bei ya samaki. "Nimewaambia wenzangu, hii ni kazi ya Bwana Zahor peke yake. Bi Hamda hana habari. Angekuwa na habari asingekubali. Mtoto wa Bi Badriya, mwenye maji yake ya sabili, akaue kisima?"

Tabia alikuwa akipanga vitumbua kwenye sinia. Aliacha kupanga.

Bi Hamda angeweza kunyamaza. Neno la kumtetea lilikuwa limekwisha kupambwa, kilichobaki ni kulivaa. Alitazama kata iliyokuwa bado mkononi mwa Mwatum, na kipande cha barafu kikiyeyuka ndani yake.

"Nilikuwa na habari," alisema. "Nilikubali mimi. Ile miti ndiyo barafu hii."

Mwatum hakuelewa mara moja. Aliitazama kata, kisha mitungi, kisha uso wa Bi Hamda. Alipoelewa hakupandisha sauti. Aliitua kata juu ya baraza polepole, kama chombo cha watu.

"Kumbe ndicho nlichokunywa," alisema.

Akajitwika misala yake, akaenda sokoni.

Jioni Bi Hamda alifukiza mtungi, si kwa haja, ila kwa kuwa mikono yake haikujua la kufanya. Alipoufudua, moshi ulichomoza kidogo, ukapotea. Lakini alijua haukupotea. Ulikuwa umeingia udongoni. Kesho asubuhi angetia maji nao ungekuwemo, na keshokutwa pia. Ndiyo maana ya kufukiza. Aliinua macho. Juu ya mapaa moshi wa Amour ulipanda, ukatanda, ukawa mwembamba, mwisho ukawa hauonekani. Maisha yake yote alikuwa akifanya kazi ya moshi usioonekana, na hata siku moja hakujiuliza ule wa dohani unakaa wapi, na nani atayanywa maji yake.

Asubuhi yeye na Tabia walipanda punda kwenda Tunguu.

Utotoni njia ile ilimtisha na kumfurahisha. Ukikaribia kisima kiangazi kilikatika ghafla, kama umeingia chumba kingine. Mama alikuwa akimtia shuka mabegani hata mchana. Zambarau zilianguka majini, watoto wakazichota na maji, na midomo ikawa zambarau kutwa. Sasa punda alisimama kwenye uwanja mweupe. Visiki vilikuwa vikavu, vimepasuka. Upande wa mashariki bado miti michache ilisimama, na chini yake mashoka yalikuwa yameegemezwa, na wakataji wamekaa kwenye hicho kivuli cha mwisho wakila muhogo. Kisimani wanawake walichutama ukingoni. Walimwamkia kwa adabu, kisha wakarudi kukwangua. Adabu ile ilimuumiza kuliko matusi.

Zahor alikuwepo, amekuja kusimamia.

"Waambie wasimame," Bi Hamda alisema.

"Wasimame nini?"

"Nimelirudisha neno langu. Iliyobaki haikatwi."

Zahor alimvuta pembeni. "Dada, usiniaibishe. Nshampa Amour ahadi."

"Na mimi nilimpa mama. Tumekosa sote wawili, lakini langu ndilo kubwa."

"Kisima kimeshuka kwa sababu mvua haijaja. Mvua ni ya Mungu, si ya mikuyu."

"Mvua ni ya Mungu," Bi Hamda alisema. "Shoka ni letu."

"Na Amour atakosa kuni? Atakwenda shamba la pili, la tatu. Moto wake hautazimika kwa ajili ya theluthi yako."

"Najua."

"Basi umeokoa nini?"

Bi Hamda aliiangalia miti iliyobaki. "Hii," alisema.

Zahor alivuta pumzi, na sauti yake ikawa ya mtoto aliyezoea kushinda kwa kubembeleza. "Na mitungi? Watu watakuja kesho wakute maji ya vuguvugu. Watamtaja mama kwa ubaya. Uliahidi, dada. Mimi nilikuwepo."

Hapo alimgusa penye kidonda. Bi Hamda alikaa juu ya kisiki. Alimwona mama yake tena, mkono dhaifu, maneno yale. Usimpe mtu maji ya kumfanya akunje uso. Akawatazama wanawake wa kisimani. Mmoja alikuwa amenyanyua kifuu chenye tope, analichuja kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Nimekwisha kuivunja ahadi, Zahor," alisema. "Nimeivunjia huku."

Wakataji waliondoka na mashoka yao. Zahor aliondoka bila kuaga, na kwa miezi mingi hakuonekana Kiponda.

Barafu haikuja tena. Siku ya kwanza watu waliuliza. Siku zilizofuata walinung'unika, kisha wakapungua. Bi Hamda alifanya yote kama mama alivyoyafanya: alifukiza, alifunika kwa kawa za ukindu, alizungusha kitambaa cha maji kiunoni mwa mitungi, aliacha milango wazi ili upepo upite. Maji yalipoa kiasi. Hayakuuma meno. Hakuna alichokosea, upepo wenyewe haukuwa ule. Alikaa dirishani akajua kwamba kuna baridi ambayo haitarudi Kiponda kwa mikono yake, na kwamba mama hakuwahi kuitengeneza baridi ile, alikuwa akipewa tu.

"Bi Badriya amefilisika huko alikoko," kijana mmoja alisema, akaimwaga kata.

Tabia alitoka na sinia lake. "Hafilisiki. Ila maji yake si ya watu wa mfano wako, ni ya wenye kiu. Pita."

Masika ilifika imechelewa na imekasirika. Haikunyesha, ilimwagika. Na kule Tunguu, upande usio na mizizi, ukingo wa kisima uliporomoka wote ndani. Habari ililetwa na mchuuzi wa muhogo. Bi Hamda alimwomba Tabia akae na mitungi.

"Mimi situmwi," Tabia alisema.

"Sikutumi. Nakuomba."

"Kama ni ombi, sawa. Lakini uvae nguo mbovu. Usende kule ukawapa kazi ya kukuogopa."

Kisimani aliwakuta wamekwisha kupanga safu, kutoka shimoni mpaka kwenye visiki, wanapokezana vikapu vya tope jekundu. Upande wa mashariki, chini ya miti iliyosalia, ukingo ulikuwa umesimama. Bi Hamda alivua viatu, akajifunga kanga kibwebwe, akasimama penye nafasi. Mwanamke wa mbele yake alisita na kikapu, akageuka kumtazama Mwatum aliyekuwa chini shimoni, tope magotini.

Mwatum aliinua uso.

"Mjini leo nani anaweka maji?" aliuliza.

"Tabia."

"Na barafu?"

"Hakuna."

Mwatum alimtazama kwa muda, si kwa chuki wala kwa msamaha, ila kama mtu anayepima kamba kama itabeba ndoo. Kisha akamwambia yule wa mbele, "Mpe. Lakini kwanza usikijaze sana."

Bi Hamda alikipokea kikapu. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, na maji machafu yakamtiririkia kifuani. Alisema bismillahi kwa sauti ndogo, akageuka, akampa aliye nyuma yake.